Wino Juu ya Slaidi

Slaidi ya mhadhiri stadi wa miundo ya data huwa haijakamilika. Ina mchoro wa mti wenye nodi saba, ina swali la mstari mmoja, na nusu nzima iliyobaki ni nyeupe. Anayeichungulia kabla ya kipindi anaweza kudhani kazi imeachwa njiani. Kumbe weupe ule ndio uliomchukua mwenye somo muda mrefu kuliko yote: ilibidi aamue ni kipi akiandae nyumbani, ni kipi akiandike kwa mkono mbele ya wanafunzi, na ni kipi awaachie wanafunzi wenyewe wakiandike. Nataka kuisifu kazi hiyo ya kufundisha sayansi ya kompyuta kwa kalamu ya kidijitali. Mengi yamesemwa kuhusu vifaa, bei zake na wepesi wake. Mikono inayovitumia haijasifiwa vya kutosha.

Somo lenyewe linadai kalamu. Algorithimu ni mwendo, hatua baada ya hatua, na mwanafunzi aliyeonyeshwa hali ya mwanzo na hali ya mwisho tu hajaona ni kitu gani kilibadilika, kwa mpangilio upi, wala kwa nini. Chukua njia ya kupanga nambari ambayo Mwingereza Tony Hoare aliibuni mwaka 1959 akiwa Moscow, na ambayo hadi leo haikosekani katika mitaala. Unachagua nambari moja iwe mhimili, zilizo ndogo kuliko hiyo zinakwenda kushoto, kubwa zinakwenda kulia, kisha unarudia hivyo hivyo kwa kila upande. Mwenye slaidi anaweza kutengeneza katuni safi ya nambari zinazohama. Lakini katuni hutembea kwa kasi ya aliyeitengeneza na kwa njia aliyoichagua yeye. Mwanafunzi wa kiti cha nyuma akiuliza, "Na kama nambari zote zingekuwa sawa?", katuni haina la kumjibu.

Kalamu inalo. Mhadhiri anaandika 5 mara nane mfululizo na kuizungushia duara ile ya mwisho, mhimili wake. Kwa njia rahisi ya kugawa, ile inayofundishwa katika madarasa mengi, upande mmoja unabaki mtupu na mwingine unabeba nambari saba. Amelinganisha mara 7. Duru inayofuata mara 6, kisha 5, na anaziandika zikishuka mpaka 1, halafu anazijumlisha: 28. Darasa limeona kwa macho yake jinsi njia inayosifiwa kwa kasi inavyoipoteza kasi hiyo, na limeona kwa sababu mmoja wao aliuliza.

Wako wakubwa wa fani hii ambao hawakutaka kabisa kuuacha mkono. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyebuni njia ya kutafuta mapito mafupi kati ya miji mwaka 1956 akiwa ameketi mkahawani Amsterdam, alifundisha kwa chaki na ubao hadi mwisho wa miaka yake katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikostaafu mwaka 1999. Maandiko yake, aliyoyapa namba na kuyatia alama ya EWD, yalizidi 1,300, na mengi aliyaandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko uliopendeza hata kukatengenezwa fonti ya kompyuta kwa kuufuata. Mtu huyo aliijua kompyuta kuliko karibu kila aliyekaa mbele yake darasani. Naamini alichokijua pia ni kwamba mkono unaoandika hauwezi kuitangulia akili inayofuata, na hiyo ni heshima kubwa kwa msikilizaji.

Ila ubao una mipaka yake. Anayeandika ubaoni huwapa wanafunzi mgongo. Katika ukumbi wa watu 300, jambo la kawaida katika vyuo vyetu vikuu, walioko nyuma huona vumbi la chaki tu. Na kipindi kikiisha mtu huingia na dasta, kila kitu kinafutika.

Mwaka wa masomo 2001 hadi 2002, Richard Anderson, mtaalamu wa algorithimu katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alikuwa katika likizo ya utafiti kwenye maabara za Microsoft, jirani tu na chuo chake. Kazi iliyoanzia huko ilizaa programu iitwayo Classroom Presenter. Novemba 2002 Microsoft ikazindua rasmi kompyuta za Tablet PC, ambazo katika aina nyingi skrini iligeuka na kulala juu ya kibodi ili iandikwe kwa kalamu, na programu ile ikapata chombo chake. Mhadhiri alikishika kama daftari, akawaelekezea wanafunzi uso, akaandika juu ya slaidi zake, na wino ukatokea papo hapo kwenye skrini kubwa.

Ukiitazama programu ile kwa makini unaona kwamba iliundwa na watu waliowahi kusimama mbele ya darasa. Skrini ya mhadhiri na skrini ya wanafunzi hazikuwa kitu kimoja. Yake iliweza kuwa na maandishi ya kumkumbusha, jibu la hesabu au onyo dogo, ambayo projekta haikuyaonyesha. Slaidi ikijaa, aliweza kuipunguza ikajikunja upande mmoja na kumwachia mahali pa kuandika. Vitufe vilikuwa vichache, kwa sababu anayefundisha hana macho ya ziada ya kutafuta menyu. Haya ni mambo madogo kwa asiyefundisha. Kwa anayefundisha, kila moja linaokoa zile sekunde ambazo darasa huzitumia kuchomoa simu.

Kalamu nayo inastahili kutazamwa. Wazo la kuandika juu ya kompyuta ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa MIT aliwasilisha tasnifu kuhusu Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye skrini ya kompyuta ya TX-2. Mwaka uliofuata, huko California, shirika la RAND lilitoa kibao cha inchi 10 kwa 10 chenye nyaya nyembamba zilizopishana ndani yake, kilichoweza kutofautisha zaidi ya nukta milioni moja. Juu ya kibao hicho watafiti wakajenga mfumo ambamo mtu alichora kwa mkono michoro ya mtiririko wa programu, na mashine ikatambua kwamba hiki ni kisanduku, huu ni mshale, hii ni herufi.

Kalamu za vishikwambi vingi vilivyoingia madarasani miaka ya Tablet PC zilitumia teknolojia ya kampuni ya Wacom ya Japani. Nyingi hazikuwa na betri. Chini ya skrini kuna gridi ya nyaya inayotoa mawimbi ya sumakuumeme. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo inayoyapokea, inajaa nguvu kidogo, kisha inayarudisha, na gridi inasikiliza yamerudi kwa nguvu zaidi kupitia waya upi. Hapo inajua ncha iko wapi na imekandamizwa kiasi gani, hata kabla haijagusa kioo. Hilo hufanyika zaidi ya mara 100 kila sekunde, na bila wingi huo herufi "o" ingetoka na pembe. Mashine za mwanzo zilikuwa na kasoro moja iliyousumbua mkono: kioo kilikuwa kinene, hivyo ncha ilisimama hapa na wino ukaonekana pale, pembeni kidogo. Waliofundisha kwa mashine hizo walilizoea pengo hilo, wakaandika wakitazama wino badala ya ncha.

Sasa nirudi kwenye mkono. Anderson na wenzake walirekodi mihadhara halisi, wakakaa chini na kuchambua alama walizoandika wahadhiri, na mwaka 2004 wakatoa matokeo katika mikutano ya kitaaluma. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya wino haikuwa maandishi wala michoro. Ilikuwa mistari chini ya neno, miduara, vitiki, vidoti vilivyorudiwa mahali pamoja. Ukiitazama slaidi baadaye bila sauti, huelewi kwa nini duara liko pale. Ukiitazama pamoja na sauti, kila doti ina kazi: hapa mhadhiri alisema "hii", pale alisema "na ile", na doti ikamwonyesha msikilizaji ipi ni ipi. Ni ishara za kidole zilizoacha alama. Sijui ushahidi mwingine unaonipendeza zaidi wa jinsi mwalimu mzuri anavyowaza: mkono wake unafanya kazi ya kuongoza macho ya watu wengi kwa mara moja, bila yeye mwenyewe kuikusudia.

Kuna ustadi mwingine wa mkono, na huu hufundishika. Unapofuatilia programu mstari kwa mstari, thamani za vigezo hubadilika. Kigezo kilikuwa 3, sasa ni 7. Asiye na uzoefu hufuta 3 na kuandika 7, kama kompyuta inavyofanya katika kumbukumbu yake. Aliyebobea hukata 3 kwa mstari mmoja mwembamba na kuandika 7 pembeni yake. Baada ya mizunguko mitano ya kitanzi, mbele ya darasa kuna safu ya nambari zilizokatwa na moja iliyo hai, na mwanafunzi aliyepotea njiani anaweza kurudi nyuma mwenyewe bila kuuliza. Kishikwambi kina kifutio kizuri sana, na anayejua kazi yake hukitumia kwa nadra. Hali kadhalika rangi. Wenye pupa hutumia rangi saba. Wengine hutumia mbili tu: nyeusi kwa yaliyokuwepo, nyekundu kwa yaliyobadilika, na hawaivunji kanuni hiyo muhula mzima.

Hatua kubwa zaidi ilikuja pale kalamu ilipotiwa mikononi mwa wanafunzi. Katika matoleo ya baadaye ya Classroom Presenter slaidi yenye swali ilitumwa kwenye kompyuta za wanafunzi, nao wakachora majibu na kuyarudisha kwa mhadhiri bila majina. Kompyuta zilikuwa ghali, hivyo ilikuwa kawaida moja kushirikiwa na wawili au watatu, na hilo likawalazimu kubishana kabla ya kuandika. Majibu yaliingia kwenye skrini ya mhadhiri peke yake. Yeye ndiye aliyechagua lipi lionyeshwe kwa wote.

Katika uchaguzi huo ndimo ufundi wote ulimo, na hapa sitaki kwenda haraka.

Tuchukue mti ule wa nodi saba. Juu kabisa kuna 50. Kushoto kwake kuna 30 yenye watoto 20 na 40, kulia kuna 70 yenye watoto 60 na 80. Kanuni ni moja: kila kilicho upande wa kushoto wa nodi ni kidogo kuliko nodi hiyo, kila kilicho kulia ni kikubwa. Swali linasema: ondoa 50, chora mti unaobaki.

Majibu yanaanza kuingia. Kundi moja limepandisha 60 juu, sawa. Lingine limepandisha 40, nalo ni sawa, na jambo hilo peke yake linafaa kuonyeshwa, kwa kuwa wengi darasani wanaamini swali la kompyuta lina jibu moja. Lingine limekata 50 na kuacha miti miwili isiyoshikana. Lingine limepandisha 30, na kwa kuwa 30 sasa ina 70 upande wa kulia, mtoto wake wa zamani 40 amekosa pa kukaa, wakamtundika chini ya 20. Na kundi moja limepandisha 30 vilevile, lakini 40 limemtundika kushoto kwa 60, mbali kabisa na nyumbani kwake.

Mhadhiri ana nusu dakika ya kuyasoma yote. Asiye na uzoefu ataonyesha jibu la 60, atasema "vizuri", ataendelea. Stadi huanza na lile la 40 chini ya 20. Hasemi ni kosa. Anachukua wino mwekundu na kusema, "Nitafutieni 40." Darasa linamwongoza: anza 30, 40 ni kubwa kuliko 30, nenda kulia. Hapa 70, nenda kushoto. Hapa 60, nenda kushoto. Hakuna kitu. Mstari mwekundu umeishia hewani, kushoto kwa 60, na 40 iko pale pale kwenye mti, upande wa pili, haipatikani. Kimya cha darasa wakati huo si cha kuchoka. Watu wameielewa kanuni waliyokuwa wameikariri wiki nzima.

Kisha, bila kusema neno, anaonyesha jibu la kundi lile lililomtundika 40 kushoto kwa 60. Yaani mahali pale pale mstari mwekundu ulipokwamia. Jibu lililoonekana la ajabu kuliko yote ni halali. 40 ni kubwa kuliko 30, ni ndogo kuliko 70 na kuliko 60, na anayeitafuta ataipata. Waliolichora hawatajwi, lakini wenyewe wanajijua.

Majibu hayo mawili yakionyeshwa kwa mpangilio wa kinyume, somo lote linafifia. Mpangilio huo hauandaliwi nyumbani, kwa kuwa mhadhiri hakujua wanafunzi watachora nini. Alichoandaa ni swali lenye makosa mazuri ndani yake, na miaka ya kusoma makosa ya wengine ndiyo iliyompa jicho la kuyatambua katika nusu dakika.

Kwa sababu hiyo naiweka kalamu juu ya vile vidude vya kubonyeza A, B, C au D vilivyoenea vyuoni kwa ushawishi wa Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard aliyeanza miaka ya 1990 kuwafundisha wanafunzi kwa kuwafanya wajadiliane. Mbinu yake ni njema na imesaidia wengi. Lakini katika maswali ya kuchagua, makosa yote yamebuniwa na mwalimu. 40 aliyetundikwa chini ya 60 hangepata nafasi miongoni mwa herufi nne. Beth Simon, aliyekuwa mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, alifanya kazi pande zote mbili: alikuwa miongoni mwa walioipeleka mbinu ya Mazur kwenye madarasa ya programu, na pamoja na William Griswold na wanafunzi wao walijenga Ubiquitous Presenter, iliyoichukua kazi ya Seattle na kuiweka kwenye wavuti ili mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida tu, hata bila kalamu, aweze kujibu kupitia kivinjari. Huko Indiana, Dave Berque wa Chuo Kikuu cha DePauw alikuwa ameanzia upande mwingine: aliona wanafunzi wanatumia kipindi kizima kunakili ubao, akatengeneza mfumo wa kuwafikishia wino wa mwalimu kwenye skrini zao ili wapate nafasi ya kufikiri.

Miaka ile kulikuwa na msisimko. Mwaka 2006 kitivo cha uhandisi cha Virginia Tech kiliwataka wanafunzi wapya wote wawe na Tablet PC, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Purdue kiliandaa warsha ya kwanza juu ya teknolojia ya kalamu katika elimu. Msisimko ulipungua baadaye, mashine zikabadilika, iPad ya mwaka 2010 ikaja bila kalamu, na Apple ikaitengenezea ya kwake mwaka 2015 tu.

Ufundi haukungoja mashine. Anayefundisha leo Dodoma, Eldoret au Bujumbura, akiwa na kibao kimoja cha bei nafuu cha kuandikia kilichochomekwa kwenye kompyuta na projekta iliyopo, anaweza kufanya karibu yote niliyoyaeleza. Wanafunzi watachora mti kwenye daftari, mmoja wa kila kundi ataupiga picha kwa simu na kumtumia yeye peke yake, naye atachagua picha na kuandika juu yake kwa wino mwekundu. Ni polepole kidogo kuliko mfumo wa Seattle. Makosa ni yale yale, na thamani yake ni ile ile.

Jambo la mwisho ninalolipenda hufanyika kipindi kikishaisha. Majibu yaliyotumwa hayapotei. Mhadhiri anayejali huyapitia jioni, pamoja na yale ambayo hakupata muda wa kuyaonyesha, na humo ndimo huchagua atakapoanzia kesho. Akiurudia mti ule halali wa ajabu, anahesabu ngazi: 30, 70, 60, 40, ngazi nne, wakati mwanzoni zilikuwa tatu. Anaondoa 30 kwa njia ile ile ya kundi lile. 20 inapanda juu, na upande wote wa kushoto unabaki mtupu. Nambari tano zimekaa katika ngazi nne, ilhali tatu zingetosha. Kesho atawapa wanafunzi mti huo na kuwaomba waendelee kuongeza 90, 100 na 110, wakihesabu ngazi kila mara, mpaka mmoja wao aulize kama mti unaweza kusawazishwa. Hapo ndipo atakapowaletea mizunguko ya kuusawazisha ambayo Adelson-Velsky na Landis, Wasovieti wawili, waliichapisha mwaka 1962.